Kabla ya Kulipia Mafunzo ya Kujihami

Mlaji anayetafuta mafunzo ya kujihami hukutana na huduma za aina mbili. Ya kwanza ni sanaa za mapigano za jadi, kama judo na karate. Ya pili ni mafunzo ya kunusuru maisha, kama Krav Maga, ambayo Imi Lichtenfeld aliyaendeleza katika jeshi la Israeli, lililoundwa mwaka 1948, kabla ya kufundishwa raia. Baadhi ya matangazo ya aina hii ya pili hudai kuwa mbinu zake ni za hatari mno kwa mashindano, na kwamba wiki chache zinatosha.

Dai hilo lipimwe. Jigoro Kano alipoanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, aliondoa katika mazoezi ya kupambana mbinu zenye kuumiza vibaya. Hivyo wanafunzi waliweza kuangushana kwa nguvu zote, kila mmoja akimpinga mwenzake kwa dhati, na kesho yake wakarudi mazoezini. Kumchoma mtu jicho hakuwezi kujaribiwa hivyo, hubaki kuigizwa. Hata hivyo, darasa la jadi linalorusha ngumi hewani tu lina upungufu uleule, na mafunzo ya kunusuru maisha yaliyo mazuri hufundisha jambo la thamani: kutambua hatari mapema, kupaza sauti na kukimbia.

Kwa hiyo jina la mafunzo si dhamana. Tunawashauri walaji wazingatie yafuatayo:

1. Tazama darasa zima kabla ya kulipa. Je, wanafunzi hupambana na mtu anayewapinga kweli?

2. Uliza cheti cha mwalimu kimetolewa na nani. Judo ina shirikisho la kimataifa linalotambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Krav Maga ina mashirika mengi, kila moja likitoa vyeti vyake.

3. Soma mkataba: ada za mitihani, mikanda na mavazi, masharti ya kurejeshewa fedha, na nani atalipia matibabu ukiumia. Dai risiti.

4. Usinunue ahadi kwamba utamnyang'anya kisu kila mshambuliaji. Anayeiamini huenda akasimama mahali ambapo angepaswa kukimbia, na hasara hiyo hairejeshwi kwa risiti.