Dondoo muhimu: Dawa za mzio ukiwa kwenye dawa za lehemu

Unatumia simvastatini au atorvastatini, na vumbi limekuanzishia chafya? Setirizini na loratadini kwa kawaida hazigombani nazo. Piriton pia, ila inaleta usingizi. Ukishaimeza usiendeshe gari wala bodaboda.

Vidonge vya mafua vya mchanganyiko visomwe nyuma ya pakiti. Ukiona pseudoefedrini na una presha, viache, maana huipandisha.

Hatari kubwa huja pua zikiziba siku nyingi na mtu akajinunulia antibiotiki. Klarithromaisini na erithromaisini huzuia ini kuivunja simvastatini. Dawa inarundikana mwilini na inaweza kuharibu misuli, hata figo. Tafadhali, mtajie mfamasia kila dawa unayotumia kabla hajafungua kabati. Juisi ya balungi nayo huongeza kiwango cha simvastatini kwenye damu. Misuli ikiuma bila sababu, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Anayekunywa kolestiramini ya unga ameze dawa ya mzio saa 1 kabla yake, au saa 4 hadi 6 baadaye, vinginevyo unga huo utainasa tumboni.