Picha Ikutane na Mwenye Kuijua: Mafunzo Niliyopata Lubumbashi

Septemba ikielekea kuisha, jakaranda za Lubumbashi humwaga maua ya zambarau barabarani, nasi tunaopokea wageni kwenye maonyesho ya sanaa tunaanza kukosa usingizi. Kazi yangu kwa misimu kadhaa imekuwa kusimama kando ya picha, kukaribisha watu na kuzungumza nao. Tangu Biennale ya Lubumbashi ianze mwaka 2008, chini ya kituo cha Picha ambacho mpiga picha Sammy Baloji ni mmoja wa waanzilishi wake, wasanii na wasimamizi wa maonyesho kutoka Ulaya wamekuwa wakija hapa mara kwa mara. Watu wa Asia nao wako nasi, madukani na migodini. Haya nimeyaokota katikati yao.

1. Lugha ya mlangoni

Onyesho langu la kwanza, vibandiko vyote vilikuwa kwa Kifaransa. Nami nilikuwa nimekariri maelezo kwa Kifaransa kizuri, cha shule. Wakaingia mama watatu kutoka mtaa wa Kamalondo na vitenge vyao vya Jumapili. Nikasema maneno yangu yote. Wakaitikia kwa adabu, wakazunguka ukumbi upesi kama watu waliokosea nyumba, wakatoka. Niliumia. Mji wetu una vituo viwili vya sanaa vyenye majina ya Kiswahili, Picha na Waza, na majina hayo yalinisuta njia nzima ya kwenda nyumbani. Tangu siku ile naanza na Kiswahili, na swali langu la kwanza ni jepesi: “Mama, hapa unaona nini?”

2. Kibandiko si neno la mwisho

Mwaka uliofuata tulitundika picha ya zamani ya kiwanda, ya enzi za kampuni ya migodi ya Union Minière. Kibandiko kilisema ni Lubumbashi. Papa mmoja mstaafu alisimama mbele yake muda mrefu, mikono nyuma, kofia kwapani. Nikadhani amechoka, nikamletea kiti. Hakukaa.

“Mutoto yangu, hapa haiko Lubumbashi. Ni Shituru, Likasi. Nilitumika pale.”

Akaonyesha kwa kidole: hapa tulivulia nguo, hapa mwenzetu aliungua mkono, hapa king'ora kilipigwa. Watu kumi hivi walikuwa wamemzunguka, na kijana Mbelgiji aliyekuja kusoma mambo ya makumbusho akawa anaandika haraka haraka kwenye daftari. Nikafasiri kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa. Kumbe muda wote nilikuwa nafasiri upande mmoja tu, kama mto usioweza kugeuka. Kibandiko tulikibadilisha jioni ileile.

3. Aliyenunua picha, na aliyesikiliza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo hili linanichoma.

Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa katika mji huu mwaka 1947. Alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, kama wachoraji wengi wa hapa wa miaka ya 1970, ambao kazi zao zilitundikwa sebuleni: mamba muntu (nguva wa hadithi), treni, na ile ya fimbo za wakati wa Wabelgiji. Watu waliziita ukumbusho. Mgeni akikaa, anaitazama, na mazungumzo yanaanza. Picha ilikuwa kama mwenyeji wa pili nyumbani.

Mwaka 1973 na 1974, Tshibumba alimchorea Johannes Fabian, mwanaanthropolojia Mjerumani aliyekuwa akifundisha chuo kikuu hapa, historia nzima ya nchi: mababu, ukoloni, Lumumba, Mobutu, hata siku zijazo. Zilifika picha zaidi ya 100. Fabian alizinunua, kisha akafanya jambo kubwa kuliko kununua: aliwasha kinasa sauti, akamwacha mchoraji aeleze picha moja moja, kwa Kiswahili chetu cha hapa. Mwaka 1996 kikatoka kitabu. Hatujui kama Tshibumba mwenyewe alikiona, kwa maana habari zake zilikatika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Picha zenyewe ziko Amsterdam.

Nashukuru na nakasirika, vyote kwa pamoja, wala sioni sababu ya kuchagua kimoja. Bila masikio ya Fabian, sauti ile isingekuwapo. Lakini kijana wa mtaa wetu wa Katuba anahitaji viza ili akaone historia yake iliyochorwa kwao. Ninachoweza kufanya ni kidogo: nachapisha nakala na kuwasomea wanafunzi maneno ya Tshibumba kwa sauti. Wanatabasamu. Kiswahili cha jikoni kwao kimeandikwa kwa heshima, neno kwa neno, katika kazi ya profesa.

4. Mwalimu anayekataza kuiga

Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya uchoraji, Le Hangar. Aliwataka vijana wasiige Ulaya. Pilipili Mulongoy akachora ndege na samaki, Bela akapaka rangi kwa vidole. Kazi zao nazipenda sana. Ila mtu kutoka mbali akikuamulia kilicho chako, hata kwa mapenzi, bado ni yeye anayeamua. Siku hizi msimamizi akija na wazo lake, namwomba kwanza tutembee wote hadi soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi.

5. Picha ya ukutani kwa nani?

Katika kazi yake iitwayo “Kolwezi”, Baloji aliweka picha za migodi ya wachimbaji wadogo pamoja na mabango ya Kichina yaliyopamba vibanda vyao: maziwa, maua, majumba yanayong'aa. Siku moja nilikuwa nimekifungua kitabu chenye picha hizo mezani. Papa wa Shituru alikuwepo, maana sasa anakuja kila Jumamosi, na yule Mbelgiji pia. Akaingia muuza duka Mchina aliyejifunza Kiswahili kwa wateja wake. Akainama juu ya bango lenye jumba la kifahari kando ya ziwa.

“Nyumba hii hata kwetu hakuna,” akasema. “Lakini bibi yangu alikuwa na picha kama hii. Ukutani, karibu na kitanda.”

Papa akamuuliza kama bibi yule naye alikuwa mke wa mchimbaji.

“Ya makaa ya mawe,” akajibu.

Papa akavuta viti viwili. Mbelgiji akanitazama, akingoja nifasiri. Nikamwambia avute cha tatu.