Maswali na Majibu: Mimea ya Tiba ya Kichina na Virusi vya Homa ya Ini B

Swali la 1: Kwa nini majaribio mengi hufanywa kwenye seli za HepG2.2.15?

Jibu: Ni seli za saratani ya ini la binadamu zilizopandikizwa jenomu ya virusi, zinatoa virusi mfululizo. Lakini haziwezi kuonyesha kama dawa inazuia virusi kuingia. Mlango wa virusi hivyo ni protini ya NTCP, ambayo seli hizi karibu hazina, iliyotambuliwa mwaka 2012 na kundi la Li Wenhui jijini Beijing.

Swali la 2: Oksimatrini, kutoka mizizi ya kushen (Sophora flavescens), ikipunguza antijeni ya virusi, HBsAg, kwenye seli hizo, je, imeshinda virusi?

Jibu: Usiseme hivyo bado. Seli zikifa, antijeni nayo hupungua. Anza na kipimo cha sumu: weka kemikali ya njano iitwayo MTT, seli hai zitaigeuza zambarau, rangi ikififia, seli zimekufa. Kisha gawanya CC50 (dozi inayoua nusu ya seli) kwa IC50 (dozi inayopunguza antijeni kwa nusu). Chukua mfano wa kubuni: 200 kwa 20 ni 10, inatia moyo, 40 kwa 20 ni 2, hiyo inakaribia sumu tupu. Angalia usigeuze mgawanyo, maana sumu itaonekana dawa.

Pima pia DNA ya virusi kwa PCR, na weka lamivudini kama dawa ya kulinganishia. Kumbuka lamivudini hushusha DNA sana ila HBsAg kidogo tu, kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi.

Swali la 3: Mgonjwa ametumia bifendate na ALT yake imeshuka. Amepona?

Jibu: Hapana. Bifendate ilitengenezwa China kwa kufuata umbo la skisandrini C ya tunda la wuweizi. ALT ni kimeng'enya kinachovuja seli za ini zinapoumia. Kushuka kwake hakuelezi idadi ya virusi. Hapa ndipo watu wanapoumia kweli: majibu ya maabara yanapendeza, mgonjwa anaacha dawa ya kuzuia virusi, na virusi vinaendelea kuzaliana.

Swali la 4: Kwa nini hata tenofovir, dawa ya kuzuia virusi, haimalizi ugonjwa?

Jibu: Haiondoi cccDNA, duara la DNA ya virusi lililojificha ndani ya kiini cha seli.

Swali la 5: Dawa ikitoka kwenye mmea, ni salama kwa ini?

Jibu: Si lazima. Mzizi wa he shou wu, unaotumika sana China, umehusishwa na kuumia kwa ini. Ndugu yako mwenye homa ya ini B akikuuliza, mwambie asiache tenofovir kwa ajili ya mzizi wowote, na akapime DNA ya virusi.