Uza, Lakini Bakiza cha Mtoto

Leo tujifunze juu ya chakula na pesa.

Huku kwetu Kitulo tunalima viazi na njegere. Ng'ombe wanatoa maziwa. Malori yanapakia viazi kupeleka Makambako na mbali zaidi. Njaa hatuna. Lakini utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Njombe karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake. Hata masomo humpa taabu.

Kwa nini? Sababu moja ni kula chakula cha aina moja. Asubuhi viazi, jioni ugali. Tumbo limejaa, lakini mwili haujengwi. Maziwa na mayai tumeuza yote. Pesa yake tumenunua soda na biskuti. Hiyo ni hasara mara mbili.

Basi tufanye hivi:

1. Kabla ya kuuza, weka kando yai na kikombe cha maziwa kwa mtoto aliyetimiza mwaka. Maziwa yachemshwe.

2. Pika viazi pamoja na njegere au maharage. Hujenga mwili, na bei yake ni ndogo kuliko nyama.

3. Loweka maharage makavu usiku kucha. Yataiva upesi, kuni zitabaki.

4. Panda mboga za majani karibu na nyumba.

Baba na mama wakubaliane kwanza.

Maswali ya kuzungumza:

Jana mtoto wako alikula nini? Wiki hii uliuza nini, ukanunua nini dukani?