SOMO LA MWEZI: KILICHOMO NYUMBANI MWETU

Masomo: 2 Wafalme 4:1-7, Kutoka 35:30-35



Mjane wa somo letu alidaiwa, na wanawe walikuwa karibu kuchukuliwa watumwa. Elisha hakuanza kwa kumpa fedha. Alimwuliza kwanza alichokuwa nacho nyumbani. Palikuwa na mafuta kidogo tu, na Mungu akaanzia hapo. Tutazame kwetu Ufipa.

1. Shamba. Sehemu kubwa ya uwanda wetu ni majani, miti ni haba. Wabemba wa Zambia walikata matawi, wakayachoma na kupanda katika majivu. Wazee wetu hawakuwa na msitu, walikuwa na majani. Basi, wakati udongo ungali laini kwa mvua, waliupindua kwa jembe, majani yakakaa ndani, wakafanya matuta ya duara yaitwayo ntumba. Majani yakaoza, yakawa mbolea. Juu ya tuta walipanda maharage. Msimu uliofuata walilibomoa, wakatawanya udongo na kupanda ulezi. Mwenye njaa ndiye aliyetafuta njia.

2. Jembe. Kazi hiyo yataka jembe imara. Wafipa walijenga malungu, tanuru za udongo ndefu kupita mtu, zilizovuta hewa zenyewe kwa matundu ya chini. Chuma kilichopatikana kilisafishwa katika tanuru ndogo, kintengwe, kwa mivukuto. Majembe ya dukani yalipoenea katika karne ya 20, moto ulizimika. Malungu yaliyosalia ni magofu, na mafundi wake wamekwisha kufariki.

3. Sisi. Hapo pana onyo. Hatusemi kununua mbolea ni kosa. Mwenye uwezo na anunue. Lakini bei ikipanda, au mifuko ikichelewa, nani atatuonyesha kufanya ntumba, ikiwa hatukuwauliza mama na babu zetu wangali hai? Mungu alimpa Bezaleli akili ya kubuni, tena akatia moyoni mwake kufundisha wengine. Karama hizo mbili zaenda pamoja. Ujuzi usiofundishwa huzikwa na mwenyewe.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:
(a) Ni kazi gani wazee wetu waijua, nasi hatuijui?
(b) Nani kati yetu atakwenda kuwauliza kabla ya mvua zijazo?

Tuombe: Ee Bwana, utufumbue macho tuone ulichokwisha kutupa, utupe na unyenyekevu wa kujifunza. Amina.