Sotoka, Joto na Jani la Karanga: Utafiti wa Kinga na Mifugo ya Kaskazini-Mashariki mwa Kenya

Elimu ya kinga ni tawi la sayansi linalochunguza namna mwili unavyomtambua adui, unavyopigana naye na unavyomkumbuka arudipo. Istilahi kingamwili, ambayo ina bahati ya kujieleza yenyewe kuliko nyingi zilizotoholewa, hutaja protini zinazotengenezwa na mwili ili kumnasa adui huyo. Makala haya yanaitazama elimu hiyo kupitia ugonjwa mmoja, sotoka, na mahali pamoja, Kutulo, mji mdogo wa wafugaji ulio katika njia itokayo Wajir kwenda El Wak.

Sotoka ilipoenea Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliangamiza ng'ombe na nyati kwa wingi mno, na njaa ikawafuata wenye mifugo. Jibu la kudumu lilipatikana Muguga, karibu na Nairobi. Hapo Walter Plowright na mwenzake R. D. Ferris walikichukua kirusi kiitwacho Kabete O, wakakipandikiza katika chembehai za figo za ndama, wakairudia kazi hiyo takriban mara 90. Kirusi kikapoteza ukali wake, lakini hakikupoteza sura yake: mwili wa ng'ombe ulikitambua, ukajifunza, na kwa dozi moja ukapata kinga ya maisha. Mwaka 1999 Plowright alitunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa kazi hiyo.

Chanjo hiyo, hata hivyo, ilikuwa na virusi hai, na virusi hai huuawa na joto. Maabara ina jokofu. Malishoni Kutulo kuna jua, vumbi na mifugo inayohama kufuata mvua. Barafu ikiyeyuka njiani, mchanjaji hubaki akidunga maji matupu, naye mfugaji huamini kwamba ng'ombe wake wamekingwa. Kosa la namna hiyo ni baya kuliko kutochanja kabisa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, Jeffrey Mariner na wenzake walikuwa wameikausha chanjo hiyo kwa namna iliyoiwezesha kukaa hadi siku 30 nje ya jokofu. Ndipo wachanjaji waliochaguliwa na wafugaji wenyewe walipoweza kuibeba kwa miguu, hasa katika nchi ya Waafar huko Ethiopia na kusini mwa Sudan.

Ilibaki ngome moja, nayo ilikuwa eneo la Wasomali: kaskazini-mashariki mwa Kenya, kusini mwa Somalia na kusini-mashariki mwa Ethiopia. Hapa sotoka ilijificha. Katika ng'ombe ilionekana kama homa ndogo tu, lakini ilipowafikia nyati na tandala wa Tsavo katikati ya miaka ya 1990 iliua vibaya. Kuisaka kulikuwa kugumu kwa sababu nyingine pia: ng'ombe aliyechanjwa na ng'ombe aliyeugua akapona walikuwa na kingamwili zile zile, hivyo kipimo cha damu hakikuweza kuwatofautisha.

Matatizo hayo mawili, joto na utambuzi, ndiyo yanayoupa uzito utafiti uliofanywa mbali na hapa, katika Taasisi ya Sayansi ya India, Bangalore. M. S. Shaila, mtaalamu wa virusi, na G. Lakshmi Sita, mtaalamu wa mimea, pamoja na A. Khandelwal, waliichukua jeni moja tu ya kirusi cha sotoka. Ni ile inayotoa protini H, ambayo kirusi huitumia kujishikiza kwenye chembehai. Wakaiingiza katika mkaranga. Mmea huo ukaanza kuitengeneza protini ya kirusi ndani ya majani yake, bila kirusi chenyewe kuwapo. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2003, ng'ombe waliolishwa majani hayo walitoa kingamwili zilizoweza kukizuia kirusi katika majaribio ya maabara. Jambo hili si dogo, kwani kwa kawaida mwili huvumilia kinacholiwa. Lau ungepigana na kila chakula, usingeishi. Tena, mnyama anayefundishwa kwa protini moja hana kingamwili za protini nyingine za kirusi, kwa hiyo kipimo kingeweza kumtenga na aliyeugua.

Jani hilo halikufika malishoni. Mnamo 2001 sotoka ilithibitishwa kwa mara ya mwisho, kwa nyati wa Mbuga ya Taifa ya Meru, na mwaka 2011 dunia ikatangazwa kuwa huru nayo. Lakini ndugu yake, sotoka ya mbuzi na kondoo, yungali hai, na mpango wa kimataifa ulioanzishwa mwaka 2015 umeweka 2030 kuwa mwaka wa kuitokomeza. Chanjo inayotumika dhidi yake ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, hutolewa kwa sindano, na jua la Kutulo halijapungua.