Mlango wa babu, boriti za dari

Swali: Wakili, tunabomoa nyumba ya marehemu babu hapa Malindi. Nataka kuchukua mlango wa nakshi na boriti za mikoko niende navyo Kilifi. Je, nitasumbuliwa njiani?

Jibu: Mlango na boriti vina sheria mbili tofauti.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inalinda mlango au fremu yoyote iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946, hata kama ni mali ya familia. Kwa hiyo usiung'oe mfaa wala miimo kabla ya Makumbusho ya Taifa kuukagua mlango na kukupa kibali. Wana ofisi hapo Malindi.

Boriti nazo ziko chini ya Sheria ya Misitu ya 2016. Mazao ya msitu husafirishwa kwa kibali cha Shirika la Misitu, na askari wa kizuizini hawezi kujua kwa macho kama mkoko wako ulikatwa zamani au juzi. Zipige picha zikiwa bado darini, chukua barua ya chifu, kisha uende ofisi ya misitu kabla ya kukodi lori. Wakikuandikia kibali, idadi ilingane na mzigo.